Drili ya zege: Wati zisikupotezee mtaji

Mteja akiulizia drili ya zege, wauzaji wengi wa vifaa vya ujenzi humsomea wati zilizoandikwa kwenye boksi. Hapo ndipo fedha huanza kupotea. Wati huonyesha umeme unaoliwa na mashine. Hazionyeshi uzito wa pigo linalofika kwenye zege.

Drili za waya kwa kazi ya ukuta ni za aina mbili. Ya kwanza ni drili ya kawaida yenye swichi ya kugonga. Ndani yake sahani mbili zenye meno hukwaruzana, na fundi hulazimika kuikandamiza. Inafaa kwa matofali na matundu ya skrubu. Ya pili ni drili ya nyundo hasa. Hii ina pistoni inayobana hewa, na hewa hiyo huirusha nyundo ipige biti. Kazi ya fundi ni kuiongoza. Kwa nguzo na jamvi la zege, hii ndiyo ya kununua.

Pigo hupimwa kwa jouli. Mashine ya kilo 2 hadi 3, yenye jouli 2 hadi 3, humtosha fundi umeme au fundi bomba. Biti zake ni SDS-plus, zenye shina la milimita 10. Kwa kuvunja zege au kutoboa matundu makubwa kila siku, inatakiwa SDS-max, yenye shina la milimita 18, ambayo ni nzito na ghali zaidi. Biti za mfumo mmoja haziingii kwenye mwingine, hivyo mwenye duka asichanganye stoki.

Suala jingine ni volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Drili za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, na nyingi za kazi za ujenzi Uingereza ni za volti 110. Bei huvutia, lakini ikichomekwa ukutani moja kwa moja, mota huungua. Gharama ya transfoma lazima iingie kwenye hesabu.

Kwa anayekodisha, tuchukue mfano. Mashine ya sh. 400,000 ikikodishwa kwa sh. 10,000 kwa siku, hurudisha mtaji kwa siku 40 za kazi. Ya sh. 150,000 hurudisha kwa siku 15 tu. Lakini ikiungua siku ya 10, mwenye nayo amepoteza sh. 50,000, na huenda mteja pia.

Kabla ya kulipa, soma volti na jouli kwenye kibati cha mashine. Uliza kama ina klachi ya kuachia biti ikinasa kwenye nondo, la sivyo mkono wa fundi utapinda. Hakikisha brashi za kaboni, ambazo huisha kwa kawaida, zinapatikana madukani. Kisha dai risiti yenye namba ya mashine.