MAJI YA REJETA SI MAJI TU

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Mpenzi msomaji, methali hii inatufaa sana sisi wakazi wa Kericho na Bomet, ambako barabara ni za kupanda na kushuka. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaona mengi njiani. Mara nyingi tunalikuta lori la majani chai limekwama mlimani, boneti iko wazi na mvuke unafuka kama birika la chai. Utingo naye ametumwa mtoni na mtungi. Tukumbuke kuwa majani mabichi hayangoji mtu. Yasipofika kiwandani siku hiyo hiyo, yanapata joto guniani na kuharibika, na anayeumia ni mkulima. Ndiyo sababu nimeamua kueleza habari za maji ya kupoza injini, ambayo makanika wanayaita kulanti.

Kwanza kabisa, kwa nini injini zinachemka upesi kwetu? Kule Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Mji wa Kericho uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000 hivi. Hewa hapa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 93 tu. Injini nyingi nazo hufanya kazi kwenye nyuzi karibu 90. Mnaona wenyewe jinsi nafasi ilivyo ndogo! Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hubana mvuke, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Basi yule dereva aliyepoteza kifuniko akaziba kwa kitambaa ameutupa msaada huo wote.

Pili, ni maji gani yanafaa? Maji ya mtoni wakati wa mvua ni mekundu kwa udongo, na udongo huo huziba vijia vyembamba vya rejeta. Maji mengine yana chokaa, ile inayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Yanayofaa ni yale yaliyochemshwa na mvuke wake ukapozwa ukawa maji tena, kama tunavyofanya katika maabara ya kemia. Huuzwa kwenye vituo vya petroli. Lakini jihadhari, maana watu huita vitu viwili kwa jina moja la "maji ya betri": maji haya safi, na asidi. Asidi ikiingia katika rejeta itakula chuma. Ukikosa maji ya kununua, maji ya mvua ni afadhali kuliko ya mto. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga na uchuje kwa kitambaa safi.

Hata hivyo, maji matupu huleta kutu. Hapo ndipo dawa iitwayo ethilini glaikoli inapoingia, pamoja na vizuia kutu vilivyotiwa ndani yake. Wengine hudhani kuwa dawa ikizidi ndiyo injini itapoa zaidi. Sivyo! Kilo moja ya maji hubeba jouli 4,200 kwa kila nyuzi moja ya joto, na kilo ya glaikoli hubeba kama 2,400 tu. Maji ndiyo yanayobeba joto, na dawa kazi yake ni kulinda chuma na kuchelewesha kuchemka. Changanya hivi:

1. Soma mkebe kwanza. Ikiwa imeandikwa kuwa iko tayari kutumika, usiongeze maji.
2. Ikiwa ni nzito, tia kipimo kimoja cha dawa kwa kipimo kimoja cha maji. Usipunguze dawa chini ya theluthi moja.
3. Changanya katika chombo safi, wala si ndani ya rejeta.
4. Usichanganye dawa za aina mbili. Nyingine zikikutana huganda kama uji.
5. Ngoja injini ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko. Mvuke ule humbabua mtu uso, na maji baridi yakiingia katika injini yenye moto huweza kuipasua.

Usishangae, msomaji, ukisikia kuwa hata kompyuta nyingine zina rejeta. Mwaka wa 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa njia hii. Watu wengine hujichanganyia maji yao nyumbani, na kanuni ni zile zile: maji safi na kizuia kutu. Tofauti ni kwamba maji ya kompyuta hayafikii kuchemka. Yanakuwa na uvuguvugu tu, na uvuguvugu huo huotesha ukungu wa kijani, kwa hiyo lazima waongeze dawa ya kuua vimelea.

Mwisho, na hili ndilo kubwa kuliko yote: ethilini glaikoli ni tamu, na ni sumu. Kiasi kidogo tu huua figo za mtoto. Nchini Gambia mwaka wa 2022 zaidi ya watoto 60 walifariki, na dawa za kikohozi zilizopimwa zilikutwa na sumu hiyo pamoja na ndugu yake, dayaethilini glaikoli. Sasa fikiria chupa ya soda yenye kulanti ya kijani, imeachwa chini ya kiti cha pikapu au kando ya jiko. Mtoto wa miaka mitatu atajuaje?

Kwa hayo machache nawaomba wenzangu, leo jioni mkifika nyumbani, tazameni ghalani. Mkiikuta kulanti ndani ya chupa ya kinywaji, mwambieni mzee kwa heshima airudishe katika mkebe wake, aufunge, auweke juu. Na yule aliyekwisha kuionja akimbizwe hospitali mara moja, hata kama anacheza na kucheka.