Eti mababu waliishi mashimoni? Thubutu!

Ukipita nyanda za juu za Kenya, kuanzia pande za Nakuru hadi Uasin Gishu, utakuta mashimo ya duara yaliyoota majani, mengine mapana kiasi cha hatua kumi hivi. Usidhani ni kazi ya mvua. Wenyeji huyaita mashimo ya Wasirikwa.

Basi Wazungu walipofika mwanzoni mwa karne ya 20 wakakuna vichwa, halafu wakatoa jibu la haraka: eti watu wa kale walikuwa wanalala humo. Yaani kama ngiri! Na maneno ya namna hiyo yakishasemwa, hayafutiki upesi.

Waliokuja kuyafuta ni watu wa jembe na brashi. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Miaka ya 1980 John Sutton akarudi palepale kuchimba tena. Kumbe bwana, shimo lilikuwa zizi la ng'ombe! Nyumba ilijengwa ubavuni, na ukitaka kuingia ndani sharti upite zizini. Mwizi wa mifugo angeanzia wapi?

Sasa utauliza, umri wake unajulikanaje? Shimo ni uwazi tu, halina umri wa kupima. Kinachopimwa ni kilichomo. Mti ukifa, kaboni 14 iliyomo ndani yake huanza kupungua, na baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Kwa hiyo kipande cha mkaa kinaweza kukutajia miaka yake. Ila uangalie! Mkaa ulioanguka shimoni baadaye utakupa umri wa takataka, si wa zizi. Ndiyo maana wachimbaji huenda tabaka kwa tabaka mpaka sakafuni, na hawaachi ile chungu ya samadi na majivu iliyopo mlangoni.

Jibu? Wasirikwa walitamba huko kwa karne kadhaa, hadi kufikia karne ya 18. Na Sutton haamini kwamba waliyeyuka. Anasema damu yao imo ndani ya Wakalenjini.

Kwa hiyo, msomaji wangu, samadi ndiyo iliyowasafisha wazee wale jina. Lakini trekta likipita juu ya shimo, chungu ile husambaa na ushahidi kwisha. Mwenye shamba, kabla hujasawazisha, waite watu wa makumbusho kwanza!