Kigali Ilipobaki Peke Yake na Ushuru wa Mitumba

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuibana mitumba: ushuru upande, na ifikapo 2019 nguo kuukuu za ng'ambo zisiingie kabisa, ili viwanda vya hapa vipate wateja. Rwanda haikupoteza muda. Mwaka huohuo ushuru wa nguo hizo, caguwa kwa watu wa Kigali, ulitoka senti 20 za Marekani kwa kilo hadi dola 2.50.

Kwa nini wapandishe pamoja? Jibu liko mpakani. Robota likitozwa kidogo kwa jirani, litashushwa huko, lifunguliwe, kisha nguo ziingie Rwanda kwa njia za panya. Tena hakuna anayependa kugombana na mnunuzi mkubwa kama Marekani akiwa peke yake.

Mnunuzi mwenyewe aliudhika. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani, SMART, kilipeleka malalamiko Washington, na mpango wa AGOA, uliokuwa ukipitisha bidhaa nyingi za Afrika bila ushuru, ukageuzwa fimbo. Kenya ikarudi nyuma kwanza. Nani ailaumu? Viwanda vya Athi River vinashona nguo za soko la Marekani, na maelfu ya watu wanakula humo. Tanzania na Uganda zikafuata Februari 2018.

Kigali ikakataa. Ujasiri, ndiyo, lakini tusiupambe mno: nguo za Rwanda zilizouzwa Marekani kupitia AGOA zilikuwa za dola milioni moja na ushee tu kwa mwaka. Asiye na kikubwa cha kupoteza hutishika kwa shida. Julai 30, 2018 serikali ya Trump ikaziondolea nguo hizo msamaha wa ushuru. Bidhaa nyingine za Rwanda hazikuguswa.

Kilichouma zaidi kilikuwa nyumbani. Majirani walipolegea, tofauti ya bei ikawa ajira ya magendo. Watu walikamatwa wakivuka kutoka Goma, upande wa Kongo, kuingia Rubavu wamevaa nguo juu ya nguo, na Kongo wakati huo haikuwa hata mwanachama wa Jumuiya; ilijiunga 2022.

Mwaka huohuo Jumuiya ilianzisha kiwango kipya cha pamoja cha ushuru, asilimia 35, kwa baadhi ya bidhaa za nje, nguo zikiwemo. Lakini kanuni bado zinairuhusu nchi kuomba ruhusa ya kutoza kiwango chake, na maombi hayo huchapishwa katika gazeti la Jumuiya kila msimu wa bajeti, nchi kwa nchi, ukurasa baada ya ukurasa.