Dashibodi ya Mbao ya Jaguar Mark 2 na Hatari ya Msasa

Mtu akiiona dashibodi ya mbao iliyochakaa ndani ya Jaguar Mark 2, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye msasa. Auzuie. Kinachoonekana pale kama ubao wa mjozi ni vinia tu, utando wa mbao uliobandikwa kwa gundi juu ya ubao wa kawaida au plaiwudi, na unene wake ni kati ya nusu milimita na milimita moja. Mashine ya msasa ikitulia mahali pamoja kwa muda mfupi, utando umekwisha na plaiwudi imetokeza. Hapo hakuna kiraka kitakachofichika. Dashibodi nyingi zilizoharibika kabisa ziliharibiwa na waliotaka kuzitengeneza. Jua na mvua zilikuwa zimeanza tu.

Mark 2 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1959 hadi 1967, ikiwa na injini ya lita 2.4, 3.4 au 3.8. Mbele ya dereva kuna ubao wenye geji mbili kubwa, ya mwendo na ya mizunguko ya injini. Upande wa abiria kuna kisanduku chenye kifuniko cha mbao, juu yake inapita reli ya mbao chini ya kioo cha mbele, na milango nayo ina mbao zake. Paneli ya katikati, yenye geji ndogo nne na safu ya swichi, imevikwa vinaili nyeusi, kwa hiyo usiitafutie vinia. Navitaja vipande hivi vyote kwa sababu kiwandani vinia ya gari moja ilichaguliwa ili ifanane. Ukikarabati dashibodi peke yake, milango itaonekana imetoka gari jingine. Ama uvifanye vyote, ama ukubali kazi ya kuilinganisha rangi ya kipande kipya na ya vile vya zamani, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko kuvifanya vyote.

Mjozi ulipendwa kwa michoro yake. Sehemu za mti zenye nundu, na zile za karibu na mizizi, zina nyuzi zilizojizungusha, zikipasuliwa zinatoa mawimbi na macho yasiyojirudia. Tando mbili zilizokatwa kwa kufuatana zikilazwa ubavu kwa ubavu, moja ikiwa imegeuzwa, michoro ya kushoto na ya kulia hutazamana. Mti huu una tabia moja ambayo mafundi waliozoea mkangazi hushangazwa nayo: mkangazi ukipigwa na jua hukolea, mjozi hupauka. Ndiyo maana ukiing'oa geji kwenye dashibodi ya zamani utakuta duara la kahawia iliyoiva limezungukwa na rangi ya asali. Duara hilo lipige picha. Ndiyo rangi halisi unayoitafuta, na baadaye utaihitaji wakati wa kupaka.

Laka nyingi za enzi hiyo zilikuwa za selulosi. Laka hiyo ikiwa changa hunyumbuka kidogo pamoja na mbao. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, hutanuka na kusinyaa, hasa kwa kukata nyuzi. Kadiri mionzi ya jua inavyoila laka, ndivyo inavyokakamaa, hadi siku mbao inapotanuka laka inabaki palepale na kupasuka. Nyufa zinaingiza unyevu, unyevu unafika kwenye gundi, vinia inaanza kuvimba na kubanduka kingoni. Raba ya kioo cha mbele ikiwa inavuja, mambo huharakishwa, maana maji hushuka kwenye reli na kuingia nyuma ya ubao ambako hakuna laka ya maana. Kabla ya kufungua skurubu hata moja, mwagia kioo maji uangalie ndani. Kinachovuja kizibwe kwanza.

Kuing'oa dashibodi ni kazi ya umeme kuliko ya useremala. Anza na betri, lakini kumbuka kwamba Mark 2 ilitoka kiwandani ikiwa na chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Kwa hiyo waya wa athi unaopaswa kutoka kwanza ni ule wa chanya, isipokuwa kama gari limebadilishwa na wamiliki waliotangulia, jambo ambalo hutokea sana. Fuata waya kwa macho, usiamini mazoea. Kisha fungua skurubu mbili za juu za paneli ya katikati. Paneli hulala kuja mbele na kuonyesha fyuzi na msitu wa nyaya.

Nyaya za magari ya Uingereza za wakati huo zilifuata utaratibu wa rangi: nyeusi ni athi, kahawia ni umeme unaotoka betri moja kwa moja, nyeupe hupata umeme ukiwasha swichi ya gari, kijani ni umeme huohuo baada ya kupita kwenye fyuzi, nyekundu ni taa ndogo na za geji. Utaratibu mzuri, ila baada ya miaka sitini kahawia na nyekundu hufanana, na kijani hugeuka tope. Bandika kila waya kipande cha karatasi chenye namba, na upige picha kwa simu kila unapofungua kitu. Kebo ya spidomita inafunguliwa kwa mkono nyuma ya geji. Geji ya mizunguko haina kebo, inaendeshwa kwa umeme kutoka jenereta ndogo iliyo kwenye injini, na saa ya gari imo ndani yake. Vishikilia-balbu huvutwa tu. Ubao wenyewe ukigoma kutoka, usiuvute: kuna skurubu ambayo hujaiona. Vinia ya kona iliyokauka hukatika kama biskuti.

Ubao ukishatoka, ugeuze. Ukikuta alama za penseli au chaki za mafundi wa kiwandani nyuma yake, usizifute. Ni sehemu ya historia ya gari, na mnunuzi anayejua magari haya atazitafuta.

Sasa swali la laka. Usiiondoe kabla ya kujua ni laka gani, maana huenda gari limeshapita mikononi mwa mafundi kadhaa. Chagua pembe iliyojificha, udondoshee tone la spiriti. Ikinata, ni sheleki. Isiponata, dondoshea thina ya selulosi. Ikilainika, ni selulosi, na kazi yako ni nyepesi. Isipotikisika kwa vyote viwili, ni poliyurethani au poliesta iliyopulizwa baadaye, na hapo utahitaji dawa ya kuondolea rangi.

Dawa hiyo nayo ichaguliwe kwa akili. Zile za zamani zenye diklorometheni zilifanya kazi haraka, lakini mvuke wake umewaua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na huko Ulaya na Marekani dawa hizo zimepigwa marufuku kuuzwa kwa mtu wa kawaida. Jeli zenye pombe ya benzili ni za polepole, unazipaka na kuzifunika kwa nailoni, lakini haziwashi mapafu namna ile. Magadi makali yanayotumiwa kuondolea rangi milangoni yasikaribie mjozi kabisa, kwani huigeuza mbao kuwa nyeusi na kuozesha gundi. Moto wa bunduki ya joto nao siupendi kwenye selulosi, kwa sababu laka hiyo ni ya ukoo mmoja na baruti za pamba na huwaka kwa ghafla.

Laka ikilainika, iondoe kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mbao chenye ukingo butu, ukifuata nyuzi. Mabaki yasuguliwe kwa kitambaa kilicholowa thina. Sufu ya chuma iache dukani. Mjozi una tanini, na vipande vya chuma vinavyobaki kwenye vinyweleo vikikutana na maji hutoa madoa meusi. Madoa ya namna hiyo utayakuta tayari kuzunguka skurubu zilizoota kutu. Dawa yake ni asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ikipakwa kwa brashi, kisha kusuuzwa vizuri. Ni sumu, basi vaa glavu, na unga wake usiuvute. Hapo tu ndipo msasa unaruhusiwa kuingia: namba 240 ya kumalizia mikwaruzo, halafu 320, kwa mkono, juu ya kibao laini, mipigo michache ya kufuata nyuzi. Ukiona rangi ya mbao imebadilika ghafla sehemu fulani, simama. Unaiona gundi.

Mahali palipovimba hupasuliwa kwa wembe kwa kufuata nyuzi, gundi ikaingizwa kwa bomba la sindano, pakafunikwa karatasi ya nta na kubanwa kwa klampu hadi siku ya pili. Gundi gani? Gundi nyeupe ya maji ndiyo iliyo karibu, na kwa kabati la nyumbani inatosha. Kwa dashibodi haifai. Gari lililofungwa chini ya jua linaweza kufikisha dashibodi nyuzi joto 70 na zaidi, na joto la namna hiyo huilegeza. Tumia gundi ya unga ya yurea inayokorogwa na maji, au epoksi inayostahimili joto hilo. Kipande cha vinia kilichopotea kabisa hutafutiwa kingine cha mjozi chenye mchoro unaokaribiana, kikakatwa kwa mstari wa kupindapinda unaofuata michoro. Jicho la mtu hukamata mstari ulionyooka papo hapo.

Kuhusu rangi sina mengi. Mjozi una vinyweleo vikubwa, hivyo vizibwe kwa fila ya rangi inayokaribia mbao, kisha rangi ya spiriti ipakwe kidogokidogo hadi ifikie lile duara ulilolipiga picha. Usiende mbele ya hapo. Dashibodi nyingi zilizokarabatiwa zimepakwa wekundu ambao Coventry haikuwahi kuutoa.

Laka ya juu ndiyo inayozua ubishi. Selulosi ndiyo ya asili, ina kina kizuri, na ikikwaruzika hurekebishwa kirahisi, ila jua litairudisha ilikokuwa. Poliyurethani ya kuchanganya na hadina hustahimili jua na joto zaidi, hasa ikiwa na kinga ya mionzi, lakini hadina yake ina isosianeti, kemikali inayosababisha pumu isiyopona. Barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Anayeipuliza anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje ya chumba. Mimi ningeweka selulosi kwenye gari linalolala gereji na kutoka kwa maonyesho, na poliyurethani kwenye gari linaloendeshwa Mombasa, Tanga au Unguja kila wiki.

Wa pwani wana adui mwingine. Laka inapokauka huufanya uso wa mbao upoe, na hewa ikiwa imejaa unyevu, unyevu hugeuka matone ya maji juu yake na laka ikawa nyeupe kama ina ukungu. Msimu wa masika usipulize asubuhi wala usiku. Subiri siku kavu, au tumia thina inayokausha taratibu. Tabaka ziwe nyembamba na nyingi, kila chache zikilainishwa kwa msasa wa 400 wenye maji. Halafu acha ubao upumzike wiki kadhaa kabla ya kung'arisha kwa msasa wa 1500 na kompaundi, maana laka huendelea kuzama kwenye vinyweleo. Anayeng'arisha siku ya tatu atauona uso umejaa mabonde mwezi ujao.

Upande wa nyuma nao upakwe laka, tabaka mbili tatu. Ubao uliozibwa mbele na kuachwa wazi nyuma hunywa unyevu upande mmoja, ukapinda. Kingo za matundu ya geji zipakwe kwa brashi, kidogo tu; laka ikijaa pale, geji haitaingia, na ukiilazimisha utapasua kazi yako yote.

Wakati wa kurudisha, kila waya mweusi urudi mahali pake. Dashibodi ya chuma hujipatia athi yenyewe kupitia bodi, lakini mbao haipitishi umeme, na geji isiyo na waya wake wa athi itakaa kimya au balbu yake haitawaka. Fundi umeme asiyejua hilo anaweza kubadilisha geji nzima bure. Betri iunganishwe mwisho.

Si lazima kazi ya mbao uifanye mwenyewe. Mafundi fanicha wa Keko jijini Dar es Salaam, au wa kando ya Ngong Road jijini Nairobi, wana mikono ya kutosha, ila wengi wamezoea ubao mzima na mashine ya msasa. Wapelekee ubao uliokwisha kutolewa geji, uwaonyeshe unene wa vinia kwenye ukingo, na mkubaliane kwamba mashine haitaugusa.

Na ukishalirudisha gari barabarani, ipanguse dashibodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Dawa za kung'arisha zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta nyingi zina silikoni, ambayo hujipenyeza kwenye kila ufa, na laka mpya ikipulizwa juu yake siku za usoni hukimbia na kuacha vishimo. Usizitumie.