Mtambo Hupimwa kwa Mzigo Wake

Tanzania haina kituo cha umeme wa nyuklia, na huko Bashay, katika nchi ya Mbulu na Hanang, anayetaja kinu cha nyuklia hutaja jambo la mbali. Hata hivyo twawaomba wanachama na wafanyakazi waisome habari hii mpaka mwisho, maana kosa lililofichuka katika kinu kimoja cha Marekani mwaka 1985 ni la namna ile ile iwezayo kukausha bomba la kijiji.

Kinu cha nyuklia hutumia joto la urani kupata mvuke wa kuzungusha mashine za umeme. Hata kikizimwa, joto lake halikomi mara moja. Hapana budi maji yaendelee kupita ili kukipoza. Maji hayo huongozwa na vali, yaani milango iliyo ndani ya mabomba, na nyingi huendeshwa kwa mota. Baadhi hukaa miezi mingi bila kazi, zikingojea siku ya dharura.

Siku hiyo iliwadia usiku wa manane, tarehe 9 Juni, 1985, katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio. Pampu kubwa ya maji ilisimama. Katika harakati za kuokoa hali, mfanyakazi mmoja alibonyeza vitufe visivyo, na vali mbili za maji ya akiba zikafungwa. Zilipotakiwa kufunguka tena, zilikataa. Pampu za akiba nazo zikasimama. Kwa dakika zipatazo 12 kinu hakikupata maji ya kukipoza kwa njia hiyo. Wafanyakazi walikimbia hadi zilipo vali, wakazifungua kwa mikono, na kinu kikasalimika.

Lililo kubwa kwetu ni yale yaliyofuata. Ingekuwa rahisi kumlaumu yule mfanyakazi na kulifunga jalada. Vali zingebaki mbovu vile vile. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani ilituma wachunguzi, na vyombo vilivyoshindwa kazi vikazuiwa visiguswe mpaka uwepo mpango wa kuvichunguza. Fundi mwenye haraka akifungua mtambo, akausafisha na kuupaka grisi, huenda ukafanya kazi kesho. Lakini dalili za ugonjwa atakuwa amezifuta.

Sababu ikaonekana. Mota ya vali ina swichi ya kuikatia umeme nguvu ya kusokota inapozidi, ili isivunje kitu. Lakini vali inayosukumwa na maji mazito huhitaji nguvu nyingi mwanzoni mwa kufunguka, kwa hiyo swichi hiyo hupaswa kuachwa kando kwa kitambo. Davis-Besse kitambo hicho kilikuwa kimewekwa kifupi mno. Vali zilikuwa zimejaribiwa kabla, tena zikafunguka vizuri. Ila zilijaribiwa pasipo msukumo ule wa maji.

Tume haikuishia hapo. Novemba 1985 iliviagiza vituo vingine vikague vali za namna hiyo katika mifumo maalumu ya usalama. Juni 1989 ikalipanua agizo lihusu vali zote za mota zenye kazi ya usalama, zijaribiwe kwa msukumo halisi kila inapowezekana. Kinu chenyewe kilikaa kimezimwa hadi Desemba 1986.

Na sisi? Mwaka 1971 TANU ilikusudia kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu naye ifikapo 1991. Mitambo ilifungwa kwa jasho la wananchi, na mingi ilisimama kabla ya mwaka huo kwa kukosa matunzo. Tangu 2019 kazi ya maji vijijini imekabidhiwa RUWASA, na wananchi wenyewe huendesha miradi kupitia vyombo vyao vya watumia maji. Kwao tunasema mambo matatu.

Kwanza, mtambo wa akiba ujaribiwe kabla ya kiangazi, kwa kazi yake hasa. Haitoshi kusikia jenereta ikinguruma; isukume maji mpaka tangini. Vali ya tangi ifunguliwe tangi likiwa limejaa.

Pili, kilichoharibika kichunguzwe kwanza, na sababu iandikwe daftarini, si bei ya kipuri peke yake.

Tatu, sababu ikijulikana, kijiji jirani chenye pampu kama hiyo kiambiwe kabla yake haijasimama.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi asiyejua koleo la kwanza lilivunjikaje atavunja na la pili. Na la pili likivunjika Bashay wakati wa kiangazi, atakayelipa ni mama mwenye ndoo kichwani.