Mkoba wa Rubani Si Pambo

Wakati wa kuagiza vifaa vya marubani, mkoba huandikwa mwisho na bei ndogo ndiyo hushinda. Hatukubaliani na desturi hiyo. Mshikio ukikatika uwanjani wakati wa masika, kishikwambi chenye ramani kikalowa, hakawii rubani peke yake. Mgonjwa wa Pemba anayetazamia hospitali ya Unguja naye hungoja.

Ni kweli mzigo umepungua. Shirika la American Airlines lilipomaliza kuondoa vitabu vya karatasi katika ndege zake mwaka 2013, kila rubani alipunguziwa kilo 16 hivi. Lakini kioo na betri vyataka hifadhi bora kuliko karatasi.

Sanduku la magurudumu mawili, alilolibuni rubani Robert Plath mwaka 1987, lafaa viwanja vikubwa. Katika ndege ndogo ziendazo Pemba na Mafia hula nafasi bure. Hapo wastahili mkoba laini wa nailoni nzito, wenye mishono miwili. Zipu nazo! Hewa yetu ya chumvi huila ya madini hafifu upesi. Ya plastiki nene hustahimili.

Wakubwa wanaohusika tunawaomba waujaze mkoba, wauning'inize kwa mshikio wake usiku kucha, ndipo watie saini.