Utajiri wa Pumba Umo Kwenye Majivu

Ukipita Mbarali, Ifakara au Kahama baada ya mavuno, mashine za kukoboa mpunga utazitambua kwa vilima vya pumba vilivyorundikana nyuma yake. Katika kila tani 100 za mpunga zinazoingia mashineni, takriban tani 20 hutoka zikiwa pumba. Baadhi huenda kwenye matanuru ya matofali, baadhi hutandikwa kwenye mabanda ya kuku, na nyingine huwashwa moto palepale ili nafasi ipatikane. Moshi hutanda siku kadhaa, kisha hubaki majivu yasiyo na mwenyewe. Hayo majivu ndiyo yanayonifanya niandike, kwa sababu mara nyingi thamani yake inazidi ya kile kilichoungua.

Mpunga hufyonza silika iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo na kuiweka katika ganda la punje. Silika ndiyo inayounda mchanga na kioo. Pumba zikiungua zote, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake hubaki majivu, na asilimia 85 hadi 95 ya majivu hayo ni silika. Ndiyo maana pumba huoza polepole mno, ng'ombe hazimnufaishi, na mafundi wanaozishindilia kuwa mkaa mbadala hulalamika kwamba skrubu ya mashine inalika mapema.

Kama kuni, pumba si haba. Kilo moja iliyokauka ina nishati ya megajuli 14 hivi, takriban nusu ya ile ya mkaa. Wengi wetu tumeliona jiko la kushindilia: chupa husimamishwa katikati, pumba au vumbi la mbao hushindiliwa kuizunguka, chupa huchomolewa, na moto hupanda kwenye tundu lililobaki. Shida ya pumba ni wepesi. Mita moja ya ujazo ina kilo 100 hadi 150 tu, kwa hiyo lori linaloonekana limejaa limebeba hewa zaidi kuliko mzigo. Serikali ya Tanzania ilipozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, mkaa mbadala wa pumba ulizungumzwa sana. Kwa shule iliyo jirani na mashine za kukoboa naukubali bila kusita. Kuzisafirisha pumba zenyewe kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa lori la dizeli siwezi kukushauri.

Pumba hutoa hata umeme. Huko Bihar, India, kampuni ya Husk Power Systems ilianza mwaka 2007 kuwasha taa vijijini kwa kugeuza pumba kuwa gesi. Pumba hupewa hewa kidogo kuliko inayohitajika kuungua kikamilifu. Badala ya miali hutoka gesi inayowaka, ikasafishwa lami yake, ikaendesha injini ya umeme. Masalia meusi nayo hayakutupwa, yalitengenezewa udi.

Lakini kazi kubwa zaidi ya pumba iko kwenye ujenzi, na hapa joto ndilo linaloamua kila kitu. Ukizichoma chini ya nyuzi joto 700 hivi, silika hubaki bila fuwele: chembe zake zimejaa vitundu na ziko tayari kuungana na vitu vingine. Ukivuka 800 na kuendelea kwa muda mrefu, chembe hujipanga zikawa fuwele ngumu, na uwezo huo hupotea. Pumba ni zilezile. Moto umezigawa kuwa malighafi au taka.

Saruji inapokutana na maji hutengeneza gundi inayoshika kokoto, lakini pia huacha chokaa isiyosaidia nguvu ya zege. Silika isiyo na fuwele huinasa chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Warumi walifanya vivyo hivyo kwa majivu ya volkano. Kwa pumba, P. K. Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyeonyesha njia katika miaka ya 1970. Majivu yaliyochomwa vizuri na kusagwa laini yanaweza kushika nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji, na zege likawa gumu kupenywa na maji ya chumvi. Kwa Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako nondo hushika kutu na kupasua nguzo, faida hiyo ni kubwa kuliko hata akiba ya saruji. Majivu haya hunywa maji mengi, hivyo mchanganyiko lazima upimwe maabara kabla ya kumwagia jamvi la ghorofa. Viwanda vya matairi navyo vimeyaona: Goodyear ilitangaza mwaka 2014 kwamba itatumia silika ya majivu ya pumba kwenye matairi yake.

Kuna upande wa afya ambao haujasemwa vya kutosha. Vumbi la silika yenye fuwele huharibu mapafu na limethibitishwa kusababisha saratani. Tanuru la matofali hufika joto la kutosha kuzitengeneza fuwele hizo. Vijana wanaofukua matanuru yaliyochomwa kwa pumba wayamwagie maji majivu kabla ya kuyagusa na wavae barakoa. Mwenye tanuru ndiye anayepaswa kuwanunulia.

Si mabaki yote ya mazao yanayofanana na pumba: ya michikichi yana tabia nyingine kabisa. Tani moja ya mikungu ya chikichi hutoa mafuta kilo 200 hivi pale kiwanda kinapokamua vizuri, mikungu mitupu kwa uzito unaokaribiana na huo, na zaidi ya nusu mita ya ujazo ya maji machafu. Vifuu vya mise, yaani vya kokwa za chikichi, huungua vizuri, ndiyo maana Japani hununua shehena kwa shehena kutoka Indonesia na Malaysia. Mikungu mitupu huja na maji zaidi ya nusu ya uzito wake na potasiamu nyingi. Potasiamu ikikutana na silika motoni huyeyuka ikawa kama kioo na kugandia mabomba ya bwela, kwa hiyo kuchanganya pumba na mikungu mitupu kwenye tanuri moja ni kujitafutia matatizo. Mikungu hiyo irudi shambani Kigoma kama matandazo na mbolea. Maji machafu yafunikwe ili yatoe gesi ya kupikia. Yakiachwa kwenye bwawa la wazi hutoa methani inayopasha dunia joto. Malaysia iliyawekea kanuni tangu 1977.

Kwa mwenye mashine ya kukoboa anayeuliza aanzie wapi, ningemwambia aanze na kikaushio. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, mpunga usiokauka hadi unyevu wa asilimia 14 huota ukungu ghalani, na ule unaoanikwa juani kwa pupa hupasuka ukatoa chenga. Tanuri dogo la pumba linalopuliza hewa ya uvuguvugu linatatua hilo palepale, bila lori. Afunge na kipimajoto, asiuache moto uvuke 700, na majivu ayatie kwenye magunia makavu.